Je, Wajua? Wapagazi wa Intaneti na Mizigo Wasiyoifungua

Kila siku mamilioni ya watu huingia kwenye intaneti kupitia Tor, mtandao unaomficha mtumiaji asijulikane ni nani wala yuko wapi. Wamo waandishi wa habari, wanawake waliowakimbia waume wakorofi, askari wapelelezi, raia wa nchi zenye vizuizi, na ndiyo, wahalifu nao wamo. Seva zinazowabeba wote hao zinapita 7,000, na hakuna kampuni inayozimiliki. Ni za watu wa kujitolea: wanafunzi, vyuo vikuu, vyama vya kiraia, au fundi fulani wa kompyuta anayetoa euro chache kila mwezi kutoka mfukoni mwake. Seva ya namna hii huitwa rilei, yaani kituo cha kupokezana.

Je, wajua kwamba mtandao huu ulianzia jeshini?

Wazo lilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 kwenye Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Paul Syverson, Michael Reed na David Goldschlag walitafuta njia ya kumwezesha mtumishi wa serikali aliye ugenini kuwasiliana na kwao bila anayechungulia waya kujua anaongea na nani. Kwa kuwa ujumbe hufungwa tabaka juu ya tabaka, mbinu yao ikapewa jina la kitunguu.

Ila palikuwa na kasoro. Kama wanaoutumia mtandao huo ni wanamaji peke yao, basi kila anayeonekana humo ni mwanamaji! Ili wao wajifiche, ilibidi uwepo umati. Roger Dingledine na Nick Mathewson, wakishirikiana na Syverson, waliuwasha mtandao wa Tor mwaka 2002, programu yenyewe ikatolewa bure kwa leseni huria, na mwaka 2006 likaundwa shirika lisilo la faida la kuitunza. Wapo wanaolitilia shaka jambo zima kwa sababu ya asili hiyo, na kwa sababu fedha za serikali ya Marekani ziliendelea kuingia kwa miaka mingi. Shaka si mbaya. Lakini msimbo uko wazi, na watafiti wa vyuo vikuu wameuchambua kwa zaidi ya miaka 20 wakitafuta makosa, na wakiyapata huyatangaza.

Je, wajua kwamba hakuna rilei hata moja inayoijua safari nzima?

Ujumbe wako hupita rilei tatu. Ya kwanza, lango la kuingilia, inaiona anwani yako ya IP lakini haijui unakwenda wapi. Ya kati haikujui wewe wala uendako. Ya tatu, mlango wa kutokea, inaiona tovuti unayoitembelea lakini haijui ni nani aliyeitembelea. Ni kama wapagazi wa misafara ya Bagamoyo: waliujua uzito wa mzigo na kambi iliyo mbele. Ndani ya furushi mna nini, hilo lilikuwa la tajiri.

Hata uzito wenyewe umefichwa. Data hukatwa vipande vyenye ukubwa mmoja, baiti 514 kila kimoja, ili mtazamaji asiweze kukisia kitu kwa kupima urefu wake. Njia iliyotumika kwa dakika 10 haipewi tena maunganisho mapya; programu hutengeneza nyingine. Na programu ya mtumiaji haikubali kuweka katika njia moja rilei mbili ambazo anwani zake ni za jirani, kwa hofu kwamba huenda mwenyewe ni mmoja.

Je, wajua kwamba kompyuta kuukuu inatosha, ila intaneti ya nyumbani mara nyingi haitoshi?

Rilei isiyo mlango wa kutokea, ikiwa inapitisha chini ya megabiti 40 kwa sekunde, inaridhika na RAM ya megabaiti 512 na nafasi ya megabaiti 200 hivi kwenye diski. Kinachowashinda wengi ni mtandao. Inatakiwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde au zaidi, kupanda na kushuka, pamoja na uwezo wa kupitisha angalau gigabaiti 100 kila upande kwa mwezi, na hicho ni kiwango cha chini kabisa. Bando la simu halifiki huko. Tena laini za simu kwa kawaida huwagawia wateja wengi anwani moja ya IP, ilhali rilei inataka anwani yake yenyewe inayofikika kutoka nje. Ongeza na hili: rilei moja inaweza kushika maunganisho 7,000 kwa wakati mmoja, na kile kiruta cha sebuleni kinaweza kukwama kabla hujafika hapo.

Ndiyo maana wengi hukodi seva kwenye vituo vya data. Hapo linazuka tatizo jingine, kwamba wote hukimbilia kwenye bei nafuu. Ujerumani imekuwa na rilei nyingi kuliko nchi nyingine, na kampuni chache tu, Hetzner na OVH zikiwa miongoni mwake, zinahifadhi sehemu kubwa ya mtandao. Watunzaji wa Tor huwaomba wanaoanza watafute kwingine, maana mtandao ukikusanyika chini ya paa moja, mwenye paa anaona mengi.

Je, wajua kwamba rilei mpya hukaa zaidi ya miezi miwili kabla ya kuaminiwa?

Kuianzisha hakuchukui hata jioni moja. Unasakinisha programu kwenye Linux, unafungua faili linaloitwa torrc, na unaandika mistari isiyozidi kumi: jina la utani la seva (herufi na tarakimu tu, zisizozidi 19), poti itakayopokea wageni, anwani ya barua pepe ya kukupata, na mstari mmoja ambao anayeanza asiusahau kabisa, ExitRelay 0, unaosema kwamba seva hii haitakuwa mlango wa kutokea. Unawasha. Baada ya dakika chache programu inajipima kama inafikika kutoka nje, na ikifaulu inaandika hivyo kwenye logi na kujipongeza kwa neno moja, kama mwalimu anayesahihisha daftari.

Kisha kimya. Siku tatu za mwanzo karibu hakuna anayepita, maana seva haijapimwa kasi. Seva maalumu za upimaji zinaanza kuijaribu kidogo kidogo, na vipimo vyake vinapanda. Kuanzia siku ya nane inaweza kupewa cheo cha lango. Hapo mwenyewe anafurahi, anafungua grafu, na anakuta wageni wamepungua!

Sababu ni hii. Programu za watumiaji zikiona rilei imepewa cheo cha lango, huipunguzia kazi ya katikati zikidhani tayari ina wateja wake wa kuingilia. Wateja hao bado hawajafika, kwa sababu mtumiaji wa Tor habadilishi lango ovyo. Akishalichagua hukaa nalo kwa wiki au hata miezi. Ukibadili lango kila siku, ipo siku utaangukia la mtu mbaya, na siku moja inamtosha. Kwa hiyo rilei hujaa polepole, na hadi itulie ni kama siku ya 68.

Mshahara hakuna. Kwa miaka mingi aliyeendesha rilei ya kasi kwa miezi miwili aliweza kudai fulana: kilobaiti 250 kwa sekunde kwa wastani ikiwa ni mlango wa kutokea, 500 ikiwa si mlango. Uwiano huo ni wa haki kabisa, kwa sababu tutakazoziona mbele.

Je, wajua kwamba mwenye rilei hujilinda kwa kutokujua?

Hili ndilo linalowashangaza wasimamizi wa seva waliozoea kuandika kila kitu. Programu ya Tor, ikiachwa ilivyo, hufuta anwani za watu kwenye logi na kuweka alama kwamba zimefutwa. Kinachobaki ni idadi na nyakati. Polisi wakija na hati ya mahakama, wakaichukua diski nzima, hawatakuta orodha ya waliopita. Anayeamua kuongeza kiwango cha logi, au kuweka programu ya kunasa data zinazopita, anajitengenezea ushahidi ambao haukuwepo, anavunja ahadi kwa wageni wake, na katika nchi nyingi anavunja sheria ya usikilizaji wa mawasiliano. Yaani hapa uvivu ni ulinzi.

Panapohitaji juhudi ni kwingine. Anwani ya kila rilei hutangazwa hadharani kwenye orodha ya mtandao, hivyo roboti za wadukuzi hubisha hodi usiku na mchana, hasa kwenye poti ya SSH, njia ya kuisimamia seva ukiwa mbali. Nywila izimwe, kuingia kuwe kwa ufunguo tu. Fayawoli iache wazi poti mbili tatu na kufunga zilizobaki. Masasisho ya usalama yajisakinishe yenyewe, kwa sababu rilei nyingi zikishawashwa husahaulika. Saa ya seva iwe sahihi. Na kwenye mashine hiyo pasiwe na kingine: usiweke blogu ya shemeji, wala barua pepe ya ofisi, wala seva ya michezo. Kila programu ya ziada ni dirisha la ziada.

Roho ya rilei ni faili dogo la ufunguo. Kutokana na ufunguo huo hupatikana alama ya utambulisho ya herufi na tarakimu 40, na sifa zote zilizokusanywa katika zile siku 68 zimefungwa hapo. Ukihamisha ufunguo kwenye seva mpya, sifa zinahama nao. Mwizi naye akiuchukua, anaweza kujifanya wewe. Ndiyo maana Tor inaruhusu ufunguo mkuu wa kizazi kipya uhifadhiwe nje ya mtandao kabisa, tuseme kwenye flashi kabatini, na seva ibaki na ufunguo mdogo wa muda unaokwisha na kutolewa mwingine. Aprili 2014, kasoro ya Heartbleed ilipogunduliwa kwenye programu ya usimbaji ya OpenSSL, wenye rilei duniani kote walitakiwa kusasisha na kutengeneza funguo mpya. Mamia walichelewa, na rilei zao zikatolewa mtandaoni kwa nguvu.

Dogo lakini la hatari ni suala la DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Utafiti uliotoka mwaka 2016 uligundua kwamba karibu theluthi ya maswali ya DNS kutoka kwenye milango ya kutokea yalikuwa yakienda kwa Google. Mtandao wa siri, na theluthi ya maulizo yake inapita ofisi moja! Tangu hapo mwenye mlango wa kutokea anasisitizwa aendeshe huduma yake mwenyewe ya DNS, kwa mfano kwa programu ya Unbound.

Je, wajua kwamba seva tisa hivi hupiga kura kila saa?

Mtandao hauna mkuu mmoja, ila una wazee. Seva maalumu zipatazo tisa, nyingi zikiwa Marekani na Ulaya, hukubaliana kila saa ni rilei zipi ziko hai, zipi zina kasi, zipi zinafaa kuwa lango na zipi zitupwe. Orodha haina nguvu mpaka wengi wao waitie sahihi, na baada ya saa tatu huisha muda wake. Majina yao ni ya utani kama ya mashua: moria1, tor26, maatuska, bastet. Januari 2010 seva mbili za kundi hilo zilivamiwa na wadukuzi. Hazikuwa nyingi kiasi cha kughushi kura, na funguo zikabadilishwa haraka, lakini ndiyo siku wengi walipoelewa kwa nini wazee hawakuwekwa watatu.

Je, wajua kwamba maadui wakubwa wa Tor walijitolea kwa hiari yao?

Mtandao unaompokea yeyote humpokea na mwenye nia mbaya, na ukinipa kuchagua kati ya jasusi anayepiga makelele nje na mtu mkimya anayechangia seva mia, nitamwogopa huyo wa pili. Mwaka 2007 Mswidi mmoja, Dan Egerstad, alifungua milango mitano ya kutokea na kukaa akitazama. Akavuna nywila za barua pepe za balozi na ofisi za serikali kadhaa, akachapisha akaunti 100 kwenye intaneti. Hakuvunja usimbaji wowote. Waliotumia akaunti zile waliingia kwenye barua pepe bila usimbaji mwingine, na tabaka la mwisho la Tor lilipofunguliwa mlangoni, maneno yalikuwa wazi.

Shambulio la mwaka 2014 lilikuwa zito zaidi. Rilei 115 ziliingia mtandaoni mwishoni mwa Januari na kuondolewa Julai 4. Kwa miezi mitano zilikuwa zikipachika ishara ndani ya data ili lango na rilei iliyo mbali ziweze kutambuana na hivyo kumfichua mtumiaji. Mwaka 2020 kundi jingine lilishika zaidi ya asilimia 23 ya uwezo wa milango yote ya kutokea. Hilo liliwinda fedha: mtumiaji akiandika anwani ya tovuti bila HTTPS, yaani bila usimbaji wa tovuti, mlango ulizuia asihamishiwe kwenye njia salama, kisha ukabadilisha anwani ya bitcoin kwenye ukurasa, na pesa ikaenda kwa mwizi. Halafu likaja kundi lililobandikwa jina la KAX17, lenye mamia ya rilei, lililofanya kazi kimyakimya kwa miaka hadi lilipofyekwa mwaka 2021.

Makundi mengi ya aina hiyo yalijulikana kwa ukimya wao: hawakuweka barua pepe ya kuwapata, wala hawakukiri kwamba rilei zao ni za mtu mmoja. Kuna mstari kwenye torrc kwa ajili hiyo, MyFamily, ambapo mwenye seva kadhaa huzitaja zote ili programu zisiziweke katika njia moja. Mwaminifu huujaza.

Je, wajua kwamba lawama zote humwangukia mwenye mlango?

Tovuti iliyoshambuliwa huiona anwani ya mlango wa kutokea tu. Kwa hiyo barua za malalamiko zinamfikia mtu asiyejua lolote. Moscow, Aprili 2017, mwalimu wa hisabati aliyekuwa akiendesha mlango wa kutokea nyumbani kwake alikamatwa kwa maandishi ya uchochezi yaliyopita kwenye anwani yake. Alikaa mahabusu, kisha kifungo cha nyumbani, na mashtaka yakafutwa mwaka 2018. Ushauri unaorudiwa kwa kila anayeanza ni kwamba mlango wa kutokea usiwekwe nyumbani. Ukodiwe kwa kampuni iliyoarifiwa mapema, na ukurasa wa maelezo uwekwe ili anayekuja na hasira asome kwanza.

Hata rilei ya kati huweza kuzua zogo. Mwaka 2015 maktaba ya Kilton, mjini Lebanon, jimbo la New Hampshire, iliweka rilei ya namna hiyo, ya kwanza katika mradi wa maktaba za Marekani. Ofisa wa Wizara ya Usalama wa Ndani akawatonya polisi wa mji, na maktaba ikaizima. Wakazi walijaa kwenye kikao cha bodi Septemba 15, wengi wakiitetea, na ikawashwa tena.

Mbinu ya ajabu kuliko zote ilionekana Oktoba 2024. Mtu asiyejulikana alituma duniani kote data za kubisha hodi kwenye poti za SSH, akizighushi zionekane zimetoka kwenye anwani za rilei za Tor. Rilei zenyewe hazikutuma kitu. Lakini mifumo ya kujiendesha yenyewe ilitoa malalamiko, kampuni za seva zikaanza kuwafungia wateja, na wenye rilei wakajikuta wakijitetea kwa kosa ambalo halikutokea kwao. Chanzo kilipatikana na kuzimwa Novemba 7.

Je, wajua kwamba unaweza kubeba mzigo kwa kivinjari tu?

Kwa kuwa orodha ya rilei iko wazi, serikali inayotaka kuzuia Tor huipakua na kuzifunga anwani zote. Jibu lake ni madaraja, yaani rilei zisizotangazwa, ambazo huridhika na megabiti moja kwa sekunde na huvisha data sura ya kitu kingine. Chepesi kuliko daraja ni Snowflake, kiendelezi cha kivinjari. Unakiongeza kwenye Firefox au Chrome, na kompyuta yako inakuwa kivuko cha muda kwa mtu aliyefungiwa kwao. Hakihitaji anwani maalumu wala torrc. Wewe huwi mlango wa kutokea. Mgeni anavuka kwako kwenda kwenye Tor. Wairani walikitumia kwa wingi wakati wa maandamano ya mwaka 2022.

Afrika Mashariki imeonja vizuizi vya aina mbili, cha kufunga huduma moja moja na cha kuzima intaneti yote. Siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, Oktoba 2020, vipimo vya OONI, mradi wa kupima udhibiti wa intaneti uliozaliwa ndani ya Tor, vilionyesha Twitter na WhatsApp zikizuiwa, na dalili kwamba Tor nayo iliguswa. Kwa kizuizi kama hicho daraja lina kazi. Uganda, Januari 2021, intaneti yenyewe ilizimwa kwa siku tano hivi, na hapo hakuna rilei inayosaidia, maana barabara hazipo. Anayetaka kujitolea akiwa Tanzania aisome sheria kwanza: Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN katika shughuli zao kuzisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, pamoja na kutaja anwani za IP. Msomaji aliye Ulaya au Marekani Kaskazini, mwenye laini ya nyuzi isiyohesabiwa bando, hana kazi kubwa: kiendelezi cha Snowflake kinawekwa kwa kubofya mara mbili, na ikoni yake inaonyesha ni watu wangapi wamevuka kwake katika saa 24 zilizopita.